Fatiha Iliyosomwa Mapema

Mwanangu Zaituna,

Salamu nitakupa ukiamka. Saa hii umelala chumba cha uani, mguu mmoja nje ya mkeka, mdomo wazi, vilevile ulivyokuwa ukilala ulipokuwa mtoto. Mimi nimekaa barazani na daftari la mjukuu wangu, nimelichana kurasa za katikati bila ya ruhusa yake. Jua limesimama. Hata kuku wamechoka, wamejilaza kwenye ubaridi wa mtungi. Mama yako amenipita mara mbili. Mara ya kwanza alinitazama tu. Mara ya pili akaniuliza, "Baba Zai, unaandika wasia?"

"Naandika barua."

"Barua ya nani, na mwenyewe yumo ndani anakoroma?"

Nikamwambia aende zake jikoni, samaki wataungua. Akaenda, lakini huku anacheka.

Mambo ya kula na kulala, ya kufunga mlango na kuchagua marafiki, yeye amekwisha kukwambia tangu juzi, na yaliyobaki atakwambia kesho umeshika mlango wa gari. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, na ningelisema kwa mdomo kama ningeuamini mdomo wangu. Huo mdomo ndio ulioniponza.

Jana alasiri ulipanga viti hapa uani, vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukaweka meza ya kukunia nazi katikati. Ukasema hivyo ndivyo mtakavyofundishwa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, hizo wiki sita: upande mmoja serikali, upande mwingine sindikato, chama cha wafanyakazi wake yenyewe. Ukamfanya shemeji yako Amadi awe sindikato, na wewe ukawa serikali. Amadi akapiga meza, akadai wali wa nazi kila siku na likizo ya miezi kumi na miwili. Tukacheka mpaka jirani yetu Bi Mwanaasha akachungulia uani. "Jamani," akasema, "wenzake wote wanakimbilia Afungi kwenye kambi ya gesi, kuna kupika, kuna kulinda geti, huyu anakwenda kusomea ugomvi!" Nikamjibu kwamba ugomvi tunao tayari, wewe unakwenda kusomea namna ya kuukalisha kitako. Nilijiona nimesema la maana.

Halafu ukafungua kile kijitabu chako, ukatusomea sura ya kufunga kikao. Kwamba kabla ya kufunga lazima kila mwenye neno awe amelisema. Kwamba akta, yaani yale maandishi ya kikao, isomwe kwa sauti mbele ya wote ndipo watu watie sahihi. Nikainuka nikatoka. Ukamwambia mama yako, "Baba kachoka." Sikuchoka, Zaituna. Nilikimbia.

Sijui kama unaujua usingizi wa mtu wa pampu. Wewe ulizaliwa ndani ya sauti ile ukadhani ni sauti ya dunia. Mimi nililala ubavuni mwake miaka mingi, kwenye kile kibanda cha matofali penye visima vya mji, na mtu wa pampu haamshwi na kelele, huamshwa na kimya. Injini ikikata, hata nikiwa ndotoni, macho hufunguka yenyewe. Pampu ile haipo tena, iliungua pamoja na vingine vyote tulipokimbia vita, na hii waliyoileta tuliporudi haina sauti hata ya nyuki. Lakini mpaka leo, mchana wa jua kali kama huu, naisikia. Mara nyingine naisikia ikikata, nashtuka, kumbe nimekaa tu hapa na kikombe cha chai mkononi.

Mama Veronika ninamjua tangu siku zile za pampu. Unamjua kwa unga wa muhogo anaotuletea, unamjua kwa kusimama mlangoni. Uliniuliza mara mbili, baba, kwa nini yule mama haingii ndani? Anakaribishwa, anasema asante, anakupa unga, anauliza hali, na mguu wake hauvuki kizingiti. Mara ya kwanza nilikwambia ana haraka. Mara ya pili nikakukaripia. Hukuuliza tena, na ukimya wako huo umenikaa hapa kifuani kama mwiba wa samaki.

Alikuja kutoka upande wa Diaca akiwa bado kijana, Mmakonde, mtu wa kanisani, mrefu, mwenye kicheko kikubwa. Idara ya maji ilimchukua yeye na wenzake sita, wote wanawake, kama vibarua. Kazi yao kubwa ilikuwa kusafisha tangi. Tangi lile la zege ulikuwa ukiliona kilimani, lakini hukupata kuona namna linavyosafishwa. Maji yakiisha kutolewa, mtu hushuka kwa kamba kupitia kitundu cha juu, ambamo mimi nisingepita hata nikiwa na njaa ya wiki. Ndani giza, utelezi, na klorini inayokata pumzi. Wanasugua kuta kwa brashi na mikono mitupu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kamba.

Zaituna, walikuwa wakiimba humo. Veronika huanza, wenzake huitikia, na tangi zima likavuma. Mimi nilikuwa nalala kifudifudi juu ya zege la moto, sikio kwenye kitundu, kamba kiunoni, na sauti ile inapanda kutoka chini ikinipitia tumboni. Sikuwa najua maneno yake. Mara nyingine nilisinzia, na nikiwa nusu usingizini nilidhani ardhi ndiyo inayoimba. Halafu kamba hutikiswa, namvuta, anatoka macho mekundu, anakohoa, anacheka. Siku moja alikaa pale juu akijifuta uso kwa kanga, akaniambia, "Kaka Bakari, humo ndani ukisema neno moja linarudi mara saba. Huku nje tunasema saba, halirudi hata moja."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikaona ni maneno ya mzaha.

Ilipokuja habari ya sindikato mjini kwetu, ikabidi wafanyakazi wa maji tuchague mjumbe. Veronika ndiye aliyesimama akanitaja. Alisema mimi nikifungua mdomo watu hunyamaza. Ni kweli, hunyamaza. Wewe umekua ukiona: harusi, arobaini, mtoto kutolewa nje, boti kushushwa majini, anaitwa Bakari asome dua. Sauti hii nimepewa na Mungu, sikuinunua, na nilijivunia kuliko mtu anavyojivunia nyumba ya bati. Nikisoma, wanawake hulia. Nilikuwa nikifumbua jicho moja kidogo nione nani analia. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Tulikuwa na madai matatu. La kwanza, mabuti na glavu. La pili, saa za ziada za sisi wa pampu. La tatu, wale wanawake saba waingizwe katika orodha ya watumishi wa kudumu, maana kibarua wa miaka minane si kibarua tena, ni mtu anayeibiwa. Dai hilo la tatu ndilo lililozaa mengine. Tulikutana kwa sababu yao. Hilo nataka ulishike.

Diretori, yaani mkurugenzi wa idara, tuliyekaa naye alitoka kusini, kijana mwenye miwani, mwenye adabu. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa kusudi, kwa sababu wewe ndiye unayekwenda kukalia kiti chake, na nisingependa udhani kiti kile hukaliwa na mashetani tu. Alijifunza kusema salamaleku, alijifunza kula kwa mkono, na alikuwa amekwisha kugundua jambo moja juu yetu sisi watu wa pwani, kwamba sisi jambo likisomewa fatiha limekwisha. Huwezi kulirudia. Ukilirudia wewe ndiye mbaya, hata kama ulikuwa na haki.

Tulikaa tangu asubuhi. Mabuti akakubali. Saa za ziada akavutavuta, akakubali nusu, tukaridhika. Tulipofika kwa wanawake akafunga daftari taratibu, akasema, "Hilo tutalitazama." Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Chumba kimoto, feni haizunguki, wazee wamekwisha kuangalia viatu vyao. Kule mwisho wa benchi, karibu na mlango, Veronika akanyanyua mkono.

Niliuona. Nimekaa miaka nikijiambia sikuuona, au niliuona vibaya, au nilidhani anapunga nzi. Niliuona, na macho yetu yakakutana.

Ndipo diretori akanigeukia, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kujifunza, "Mzee Bakari, naona tumeelewana vizuri. Labda utufungie kwa dua?"

Mzee Bakari. Sikuwa hata na mvi. Hakunihonga, Zaituna, ningehongwa ningekuwa na cha kusingizia. Aliniita mzee mbele ya watu, akaiomba sauti yangu, basi. Nikanyanyua mikono. Wote wakanyanyua. Na ule mkono wa Veronika, uliokuwa juu ukiomba kusema, ukapotea katikati ya mikono yetu ukawa kama mmoja wao. Mtu angeingia mlangoni dakika ile angeona watu wote mle ndani wanaomba kitu kimoja.

Nilisoma fatiha, na baada ya fatiha nikaomba dua ndefu. Niliomba mvua, niliombea wagonjwa, niliwaombea watoto wa diretori ambao hata majina yao siyajui. Nilikuwa na sauti nzuri siku hiyo. Watu wakaitikia amin, wakapangusa nyuso, wakaanza kutafuta makubadhi. Nilipofumbua macho, mkono mmoja tu ulikuwa bado uko juu.

"Bado nina neno," akasema.

Mzee mmoja wa mabomba akamwambia, "Ebo! Fatiha imeshasomwa, mama."

"Mimi sikuitikia amin."

Na mimi, mjumbe wake, niliyechaguliwa kwa kinywa chake, nikamjibu. Nimeyaandika maneno haya nikayafuta mara mbili, sasa nayaacha. Nilimwambia, "Dada Veronika, jambo lililofungwa kwa fatiha ukilifungua unajitakia mkosi." Nikamtisha kwa kitabu ambacho si cha dini yake. Akaushusha mkono, akautazama, kama mtu anayeangalia kama ameumia wapi. Akatoka.

Akta waliileta kesho yake, imeandikwa Kireno kizuri. Kwamba wajumbe wote walikubaliana juu ya mambo yote. Nilisoma, nilielewa, nikatia sahihi.

Baadaye orodha ya watumishi wa kudumu ilitoka, jina la hata mmoja wao halikuwemo, na kabla mwaka haujaisha wakaambiwa vibarua basi. Nilikwenda kwa diretori peke yangu, safari hii nikiwa na hasira za kweli. Akanionea huruma, nadhani. Akafungua kabati, akanionyesha sahihi yangu. "Lakini mzee, mlikubaliana." Nikarudi nyumbani nimevaa mabuti mapya ya serikali. Wewe ulikuwa darasa la nne, ulinikimbilia njiani ukaniomba ujaribu kuyavaa. Ulizunguka nayo uani ukianguka na kucheka, na mimi nikaingia ndani nikajifunika shuka, saa kumi ya mchana.

Tangu hapo naota ndoto moja. Haitishi, ndio ubaya wake. Tuko chumbani mle, mikono yetu iko juu, nasoma. Maji yanaingia kwa chini ya mlango, polepole, masafi, baridi nzuri, yanafika vifundoni, yanafika magotini. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu dua haijaisha. Wote wananingoja mimi nimalize, na mimi sijui mwisho wake. Nasoma tu. Kwa mbali, chini ya maji, nasikia wanawake wanaimba. Naamka nikidhani pampu imekata.

Mama yako anajua naota, hajui naota nini. Huniwekea mkono kifuani, huniambia geuka ulale ubavu wa kulia.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikimbie jana. Wewe mwenyewe ulisema, huku unafunga begi, kwamba ukirudi faili la kwanza utakalowekewa mezani ni la vibarua wa zamani wa maji. Kwamba wale wanawake waliobaki hai, na ni wanne tu, wamepitia kwa sindikato wakadai watambuliwe miaka yao. Ukasema kwa kujiamini kabisa, "Hilo jepesi, baba. Serikali ina akta." Ukasema karatasi za hapa ziliungua zote, lakini nakala ya akta hiyo ilikuwa imekwisha kupelekwa mkoani, na imeonekana.

Subhanallah! Moto wote ule, mwanangu. Vyeti vya watu viliungua, hati za mashamba ziliungua, picha ya harusi yetu na mama yako iliungua. Karatasi iliyosalimika ni hiyo yenye uongo wangu.

Utaifungua, na chini kabisa, upande wa wafanyakazi, utaona sahihi yenye mkia mrefu. Utaitambua, ndiyo niliyokuwa nikitia kwenye daftari zako za shule. Sikutaka uikute peke yako, mbele ya wenzako, uso ukubadilike na watu waanze kunong'ona. Na nimeogopa kingine kibaya zaidi, kwamba utaiona, utaifunika, utanyamaza kwa ajili yangu. Usinilinde. Nimelindwa vya kutosha na kimya cha Veronika, ambaye angeweza kunitangaza sokoni kila Ijumaa na hakufanya hivyo.

Ukiona huwezi kulishika faili hilo kwa sababu u mwanangu, mpe mwingine, na umweleze kwa nini. Ukilishika, niite. Nitakuja kukaa upande wa pili wa meza, sio hii ya nazi, ile ya kweli, niseme sahihi hii ni yangu na maneno yaliyo juu yake si ya kweli, palikuwa na mkono mmoja haujashuka. Waandike hivyo, na waisome kwa sauti kabla sijaweka kalamu.

Sijui Pemba watakufundisha nini. Bila shaka wanajua mengi. Ila sidhani kama mwalimu wao anawajua watu wetu wanavyokataa. Sisi hatusemi hapana. Tukikataa tunasema inshallah. Tukikasirika tunasema hamna neno. Tukivunjika kabisa tunaomba ruhusa twende tukaswali. Na mgeni anaandika: wamekubali. Wewe si mgeni, ndio maana nakuogopea zaidi yake. Yeye hakujua, wewe utajua, na siku moja utakuwa umechoka, joto kali, mkutano umekwenda vizuri, na mtu mwenye adabu atakupa njia ya kumaliza kabla hujamaliza. Itakuwa tamu, Zaituna. Kwangu ilikuwa tamu sana.

Mimi tangu siku ile sikushika tena ujumbe wa kitu chochote. Tulipokimbilia kule kambini walinitaka niwe kwenye kamati ya mahema, nikakataa, nikasema mgongo unaniuma. Siku waliponiita niwafungie mkutano kwa dua nilisimama mbele ya watu wote wale, nikanyanyua mikono, nikaangalia. Nilianza kuwatazama mmojammoja mpaka wakadhani nimepata wazimu. Nilikuwa nikitafuta aliyenyanyua mkono mmoja. Nilimwona Veronika, kule nyuma, na dumu lake la maji kichwani, ananitazama. Sauti haikutoka. Wakamwita mwingine akasoma, mwenye sauti ya mbuzi, na dua yake ilikuwa nzuri tu.

Mama yako ameniletea chai sasa hivi, ameona kurasa, ameona macho yangu. Ameweka kikombe, amenigusa begani, ameondoka. Harufu ya samaki imejaa uani, na wewe umegeuka, nimesikia mkeka. Naharakisha.

Jana, wewe ukidhani nimekwenda kulala, nilikwenda sokoni. Veronika alikuwa amekaa na beseni lake la unga, anapima kwa kopo. Nikamwamkia. Nikasimama pale muda mrefu kama mteja aliyesahau fedha nyumbani, mpaka akaniambia, "Kaka Bakari, unanizibia upepo."

Nikachuchumaa. "Zaituna anaondoka keshokutwa asubuhi."

"Nimesikia. Mtoto mwema. Mungu amwongoze."

"Nimekuja kukualika. Uje nyumbani tumuage."

Akaendelea kupima. "Mtasoma dua?"

"Tutasoma."

"Basi mimi huko sina kazi."

"Dua haitasomwa mpaka useme lile neno."

Kopo likasimama juu ya beseni. Akautazama unga, akasema kwa sauti ndogo, "Lile la miaka ile?"

"Lile."

"Na kama nimelisahau?"

"Tutangoja mpaka ulikumbuke."

"Gari litamwacha mtoto."

"Litamwacha."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha juu ya tangi, kikaishia kwenye kukohoa, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Sijui alikuwa akicheka au la. Sikuomba msamaha pale sokoni, nataka ujue. Sio kiburi. Msamaha nao ni namna ya kufunga jambo, na yeye bado hajasema. Nitaomba akimaliza, kama atataka nimwombe. Nilipoinuka hakusema nitakuja wala siji. Alisema tu, "Mimi nina maneno mengi, kaka."

Nikamwambia, "Njoo nayo yote."

Kwa hiyo kesho, baada ya swala ya alfajiri, utakapotoka na begi lako, utakuta watu wamejaa uani: Bi Mwanaasha, Amadi na mkewe, wazee wa msikitini, majirani wa bairo zima, mtaa wote. Kama kawaida watanigeukia mimi. Utaniona nimekaa, mikono iko mapajani. Watakohoa, watanikonyeza, mama yako ataniita kwa jina langu lote. Wewe usinikumbushe, na usinionee aibu. Nitakuwa nautazama mlango.

Akija, atasimama kizingitini alivyozoea. Nitamwambia aingie, nitampa kiti changu, na nitawaambia watu kwamba huyu ana neno ambalo nililizuia, na atalisema lote. Wewe, ofisa wa serikali, keti chini usikilize. Ndio mafunzo yako ya kwanza, na sidhani kama Pemba wana mazuri kuyapita. Asipokuja, bado sisomi. Ondoka bila dua yangu, mwanangu. Mama yako atakuombea, na Mungu anajua kilicho moyoni mwangu bila ya sauti yangu nzuri.

Umeamka. Nasikia unauliza maji ya kunawa yako wapi. Naikunja barua hii, naitia ndani ya kile kijitabu chako, kwenye sura ya kufunga kikao, ili uione usiku huu kabla hujalala. Nikikuona unacheka wakati wa chakula nitajua bado hujaifungua, na ukiniangalia sana nitajua umeisoma.

Na kesho, akiwa katikati ya maneno yake, gari likipiga honi, liache lipige.

Baba yako,
Bakari wa pampu